Mchungaji na Vazi la Mfariji

Wazee wa kanisa la Presbiteri kule Lugari waliogopa vitu viwili: pombe ya busaa, na baba wa mchungaji wao.

Baba huyo, Mzee Makhanu, alikuwa mfariji. Kwa Wabukusu mfariji si mtu wa kukushika bega na kukuambia pole. Mzee wa heshima akishazikwa, siku ya tatu watu huketi uwanjani kimya, na mfariji huja na vazi lake la ngozi na fimbo yake, akatembea katikati yao akisema. Husimulia ukoo ulikotoka, huwakanya walio hai, humtaja Wele aliyeumba vyote. Hakuna anayemkatiza, na hakuna anayethubutu kupita mbele yake. Kazi hiyo haisomewi. Hutoka kwa baba ikaenda kwa mwana, tena katika koo chache tu, na Mzee Makhanu alikuwa na mwana mmoja: Mchungaji Patroba.

Patroba alikuwa mchungaji kwelikweli, asikudanganye mtu. Alizika, akafungisha ndoa, akasukuma baiskeli kwenye matope katikati ya mahindi ya wale waliogawana mashamba ya wazungu, Wabukusu, Wakikuyu na Wamaragoli, akajua jina la kila mtoto. Ila moyoni alikuwa na jambo lake. Alitaka siku moja mfariji asimame ndani ya kanisa, watu wasikie kwamba Mungu hakufika Lugari kwa meli ya wamisionari. Alikuwa amejaza madaftari saba maneno ya baba yake.

Mzee alimcheka. "Unaandika kama karani wa chifu. Haya maneno hayakai kwenye karatasi. Yanataka kaburi, na watu wenye kulia."

Mwaka wa tisini na nne, mvua za masika zilipokwisha, mzee alilala asiinuke tena. Akamwita mwanawe.

"Nimefariji watu miaka arobaini," alisema. "Mimi atanifariji nani? Mfariji hufarijiwa na damu yake. Siku ya tatu, vaa."

Patroba akaitikia. Halafu, badala ya kuvaa tu siku ikifika, akaenda kuomba ruhusa. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyesoma: kuomba ruhusa ya kumlilia baba yako.

Mzee Maina, karani wa baraza la wazee wa kanisa, alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na hao ndio wagumu zaidi.

"Mchungaji, hiyo ni mambo ya mizimu," alisema. "Ni joho ama ni ngozi. Zote mbili huwezi kuvaa."

Patroba aliandika barua ya kurasa kumi na moja kwa wakubwa wa Presbiteri. Alieleza kwamba mfariji haabudu wafu, kwamba anahubiri. Wakamjibu kwa mistari mitatu: awe na subira, suala litaangaliwa. Ngojangoja huumiza matumbo. Mwezi wa nane Mzee Makhanu akafa.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu Patroba aliamua. Atatii safari hii, alijiambia, ili wamwone ni mtiifu, kisha baadaye watamsikiliza. Heshima ya baba ikageuzwa kitu cha kungojea zamu. Asubuhi watu walikuwa wameketi uwanjani, wengine wametoka mbali, hata Bungoma, wakitazama mlango wa nyumba. Mlango ukafunguka. Akatoka na joho jeusi na kola nyeupe, akasoma zaburi, akaomba, akaketi.

Wakangoja. Walidhani hajaanza. Jua lilipopanda kikongwe mmoja akainuka, akajikung'uta rinda, akaenda zake bila kuaga. Wengine wakamfuata.

Mama yake, Awinja, hakulia mbele yake. "Baba yako alifariji watu wa watu," alisema. "Yeye amezikwa kama mtu ambaye hakuzaa."

Maneno hayo yalimkaa Patroba miaka minne. Wakati wa kuhubiri aliyasikia. Hakumlaumu Maina, angepata wapi nguvu za kumlaumu, wakati mkono uliochagua joho siku ile ulikuwa wake?

Mwaka wa tisini na nane kanisa likawa linasherehekea miaka ishirini na tano ya parokia yao. Maina akaja nyumbani kwa Patroba anatabasamu. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Nairobi na ng'ambo, na siku hizi, alisema, kanisa linapenda utamaduni.

"Uje na ile ngozi ya mzee," alisema. "Dakika kumi. Baada ya kwaya, kabla ya chakula."

Patroba alijua alichopaswa kufanya. Mtu mwenye hasira angekataa. Lakini alikuwa amengoja mlango huo maisha yake yote, na ulipofunguliwa kwa upana wa kidole akajipenyeza. Alienda kwa mama yake kuomba vazi. Awinja akalitungua ukutani, akampa.

Siku ile alisimama nyasini mbele ya mahema, akaanza. Nusu dakika tu, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mimbari. Alitaja ukoo, akataja safari, akamtaja Wele. Akafika kwa jina la baba yake na machozi yakamshuka. Alikuwa akimfariji hatimaye, mbele ya watu, akatembea na fimbo, na wazee wawili wa Kibukusu waliokuwa nyuma wakavua kofia.

Maina akatazama saa. Akainuka, akapita mbele yake na kipaza sauti mkononi.

"Asante sana, Mchungaji wetu! Tumpigie makofi. Sasa tukaribie chakula."

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akampiga picha mdomo ukiwa bado wazi. Wale wazee wawili wakavaa kofia zao na kuondoka.

Awinja alikuwa ameketishwa kiti cha mbele, kiti cha heshima. Patroba alimwendea.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," alisema. "Siku ile ulimnyima. Leo umemuuza."

Akakataa sahani aliyoletewa, akaomba apelekwe nyumbani. Mwaka uliofuata walimwalika Patroba tena, dakika kumi, kabla ya chakula, naye akaenda.