Dubwana la Soja wa Mwezi

Mpaka leo nikiwa na shughuli mtaa wa Umoja naingilia upande wa nyuma, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, na si kwamba niliiba kitu cha mtu au nilikimbia na kodi ya nyumba. Ni filamu. Mimi Mutua, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, fundi wa friji ninayeheshimika Tassia nzima (sawa, si nzima, ploti nne hivi), nilijiaibisha kwa sababu ya filamu mbele ya wazazi wa mchumba wangu, siku ya kwanza kabisa ya kuniona.

Wacha nianze na hiyo filamu ndio mnielewe. Sisi tuliokulia Eastlands, hapa Nairobi, hatukuwa tunatazama filamu za kizungu hivi hivi tu. Ulikuwa unaingia kibanda cha video cha mabati, unabanana na wenzako kwenye benchi, halafu picha inacheza huku dijei akitafsiri juu yake kwa Kiswahili cha mtaa, na huyo dijei hukuwa unamwona, sauti yake ilikuja ikiwa imerekodiwa kwenye kanda. Wetu alikuwa Dijei Mdomo. Alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, na kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ile tuliyoiita Soja wa Mwezi: soja mmoja ameajiriwa kulinda stesheni huko mwezini, peke yake, na ndani ya matangi ya mafuta kunaishi dubwana linalokuja kumtembelea bila kuitwa. Niliitazama mara ishirini na mara zote ishirini nililia pale mwisho. Sasa, nilijua Dijei Mdomo anatafsiri. Sikujua kwamba anatunga.

Basi mwaka jana nikasikia kwamba filamu hiyo imetengenezwa upya, sasa ni mfululizo wa televisheni, sehemu nane, kila Jumapili saa kumi jioni. Nilifurahi mpaka nikawaambia wateja. Shida ni kwamba Jumapili ya kwanza ndiyo hiyo hiyo Shiro alikuwa amenipangia kwenda kwao kuonekana. Kuonekana ni mtihani, msidanganywe. Wakikupenda wanakupa tarehe ya kuleta wazazi wako, wasipokupenda unapewa chai na kwaheri. Shiro alikuwa amenieleza kwamba baba yake alishawahi kumkataa jamaa mmoja kwa sababu alikaa na kofia ndani ya nyumba. Akaniambia nile kila nitakachopewa, nijibu nitakachoulizwa, na hayo mengine niyaweke mfukoni. Nampenda Shiro. Nilikuwa nimepania kufuata hayo maagizo neno kwa neno.

Nilifika saa tisa na nusu nikiwa nimenyoa. Nyumba yao ni zile za Umoja zilizoongezwa vyumba mpaka zikafika barabarani, mbele duka la vifaa vya ujenzi, nyuma sebule. Hilo duka ni la Baba Shiro, mzee wa kanisa, mtu mrefu wa maneno machache, na hayo machache anayasema chini chini utafikiri yanauzwa. Kulikuwa na Mama Shiro, mpole sana, na Kim, ndugu yake Shiro, kijana wa chuo asiyeweza kuweka simu chini. Na kwenye kiti kikubwa alikuwa ameketi shosho, mama yake Mama Shiro, aliyekuwa ameletwa kutoka Githunguri ili macho yake yaangaliwe. Kila mtu alimwita shosho, hata Baba Shiro. Jina lake halisi sikulijua, na ningelijulia wapi? Kwa Wakikuyu binti wa pili ndiye anayebeba jina la mama ya mama, na Mama Shiro alijaliwa binti mmoja tu, kwa hivyo jina lile lilikuwa halijapewa mtu hapo nyumbani.

Kosa langu lilikuwa dogo. Tulikuwa tumekula, mambo yanaenda vizuri, nimeulizwa kuhusu friji na nimejibu, na Baba Shiro, kwa adabu ya mwenye nyumba, akaninyooshea rimoti akasema, "Weka unayopenda, kijana." Mtu mwenye akili angesema hii hii iko sawa, mzee. Mimi nikaipokea.

Jamani, ile kitu ilikuwa takataka. Soja ameketi dirishani. Dakika kumi ameketi dirishani. Anamfikiria baba yake. Halafu anaongea na daktari wa mawazo kupitia kioo, halafu anarudi dirishani, na dubwana lenyewe ni kivuli tu kinapita ukutani bila kusema hata hodi. Nikasonya kidogo. Nikasonya tena. Matangazo ya biashara yalipoingia nilikuwa nimeshasimama katikati ya sebule ya wakwe nikilalamika kama mtu aliyekatiwa stima, na Mama Shiro, kwa huruma yake tu, akauliza kwani ile ya zamani ilikuwaje. Shiro akanikanyaga. Nikajua ananikumbusha nisimame wima.

Nikawaeleza. Niliwaeleza kwamba dubwana la kweli lilikuwa linaongea, tena sana, na lilikuwa linakuja kila mwisho wa mwezi bila kutuma salamu, linaketi kwenye kiti cha soja, linafunua sufuria zake moja moja na kuuliza hapa mnakula nini. Linahesabu vijiko. Linamwambia soja kwamba limelea mtoto vizuri kwa maziwa na viazi halafu mtoto amekuja kukondea mwezini. (Mtoto gani, mwezini, sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa na miaka kumi.) Nikaigiza linavyotembea, mkono mmoja kiunoni. Baba Shiro akasema, "Kijana, kula chapati." Nikamshukuru, nikachukua chapati, nikaendelea. Akaniambia tena kula chapati. Akaniambia mara ya tatu, na mimi nikawaza moyoni, huyu mzee tayari amenipenda. Sebule ilikuwa kimya kabisa. Nilidhani nimewateka.

Kim ndiye aliyeniharibia, au tuseme ndiye aliyejaribu kuniokoa nikakataa. Alikuwa ameitafuta ile filamu ya zamani kwenye simu. Akasema ameiona, na hata huko dubwana haliongei, ni kunguruma tu mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia hiyo imekatwa. Akasema haijakatwa. Damu ikanipanda, maana mtu hawezi kuniambia utoto wangu haukuwepo, na nikasema kwa sauti kubwa, na chapati mkononi, "Kim, mimi nalijua hilo dubwana. Lina hata jina. Linaitwa Nyakeru wa Githunguri."

Mama Shiro akaweka kikombe chini. Shiro akafunika uso.

"Nani?" shosho akauliza.

"Nyakeru, shosho," nikasema, nikiwa bado sijaelewa, na nikaona nimsaidie. "Lile la meno matatu juu."

"Yalikuwa matatu," shosho akasema pole pole. "Sasa ni mawili."

Nilitaka kuketi lakini sikukumbuka kiti changu kilikuwa wapi. Mama Shiro hata hakuniangalia, alikuwa amemgeukia mume wake. Akamuuliza kama si yeye aliyemwambia, miaka ile yote wakiishi chumba kimoja karibu na soko la Burma, kwamba kazi yake kwenye video ilikuwa kukodisha kanda tu. Mzee wa kanisa akatazama dari, akatazama zulia, halafu akakohoa na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasahau kusema chini chini.

"Ilikuwa kazi, Mama Shiro. Watu walitaka kucheka."

Ile sauti. Yenye mikwaruzo. Nisameheni, najua haikuwa saa yake, lakini nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, nikasema, "Dijei Mdomo?" nikamnyooshea mkono. Hakuushika. Ulibaki hewani muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Baada ya hapo niliambiwa tu kwamba watazungumza na Shiro, na kila mwanamume anajua maana ya hayo maneno. Mlangoni Shiro aliniambia, "Mutua, uliambiwa ukule, unyamaze. Mambo mawili." Nilikuwa nimempoteza kwa sababu ya kitu ambacho hata hakikuwa kwenye filamu, na uchungu niliouhisi pale siwezi kuupamba.

Sasa nikiwa navaa viatu, shosho akauliza kutoka ndani ile picha itaonyeshwa tena lini. Nikasema Jumapili ijayo.

"Basi utakuja," akasema. "Nataka kuona mahali nimewekwa."

Baba Shiro alifungua mdomo, Mama Shiro akamwangalia, akaufunga. Kim alijaribu kumweleza shosho kwamba hayumo, si katika hii wala si katika ile, akaambiwa aache kelele. Na hivyo ndivyo nilivyorudi katika nyumba ile Jumapili saba mfululizo, nikiketi katikati ya shosho na mzee asiyenisalimia, nikitazama mfululizo niliouchukia tangu dakika ya kwanza. Mama Shiro alikuwa anatumiminia sote chai, na kikombe cha Baba Shiro kilikuwa kinafika mwisho, kimepoa. Shosho alikuwa amepata miwani mipya. Kila kivuli kikipita ukutani ananigusa goti.

"Ni mimi huyo?"

"Bado, shosho."

Sehemu ya nane ndiyo iliyonimaliza. Ikawa eti hakuna dubwana. Eti lilikuwa mawazo ya soja, huzuni yake, na akishalia kidogo linaondoka lenyewe. Mimi nilikuwa nimekasirika, lakini shosho alikuwa ameumia. Alivua miwani akaipangusa na leso muda mrefu.

"Wamenitoa," akasema.

Halafu akamgeukia mkwe wake akamwambia azime sauti ya televisheni, arudishe picha mwanzo kwa dekoda, aweke ile sauti yake ya zamani. Baba Shiro akasema hayo mambo aliyaacha alipookoka. Mama Shiro akamwambia, bila kuinua sauti, "Si umesikia mama."

Mzee akasimama. Akafunga vifungo vya koti. Akaanza polepole, anajikwaa, halafu sauti ikatoka ile yenyewe, soja na rungu lake na chai bila sukari, na Kim akaweka simu chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alipofika kwa dubwana akasema haraka haraka "jitu fulani." Shosho akamwambia ataje jina. Akalitaja. Shosho akacheka mpaka akanishika mkono asianguke. Ikaja sehemu ya mwisho, ambapo soja anaondoka kwenye kiti chake anamwachia dubwana na kumwomba msamaha kwa ugali wote aliomnyima, na Baba Shiro aliisema hiyo akiwa amesimama mbele ya kile kiti kikubwa, haangalii televisheni hata kidogo. Mimi nililia. Mara ya ishirini na moja.

Shosho akajifuta macho, akaniambia nilete wazazi wangu mwezi ujao, tarehe tutapewa na Mama Shiro. Baba Shiro hakupinga. Mpaka leo hajanisalimia vizuri, lakini hakupinga.

Kwa hivyo mimi nimeapa. Rimoti ya mtu sishiki tena, hata nikipewa kwa mikono miwili. Na nikikaribishwa kwa watu, kabla sijafungua mdomo kuhusu filamu yoyote ile, nauliza kwanza kila mzee aliyeketi hapo anaitwa nani, majina yote matatu.