Neema amekandika tundu la moyo wake

Mwanangu Neema amechukua kalamu sasa hivi akapaka wino kwenye tundu la moyo.

Moyo wa kwenye karatasi, jamani.

Daktari ametuchorea leo hapa hospitalini Mbulu. Akasema moyo ni kama nyumba ya vyumba vinne, na wa Neema una tundu ukutani tangu kuzaliwa.

Mama mkwe akauliza, "Ukuta ukitoboka si tunakandika udongo?"

Daktari akamjibu, "Huu mpaka upasuaji, bibi. Tena siyo hapa."

Kumbe mtoto alikuwa anasikia.

"Mama, nimekandika. Twende nyumbani."

Ana miaka minne.

Mliopitia haya, mliwaambiaje watoto? Mimi nataka nimwambie tu kwamba siku moja atapona... ngojeni, nesi anatuita