Gemu la Handaki na Macho ya Kaka

Lile gemu la handaki tulilicheza kwa mara ya kwanza Masasi, kwenye kompyuta ya baba mdogo, ile yenye kisogo kikubwa. Askari mmoja anashuka kwenye mgodi ulioachwa, ana bunduki na tochi, na mle ndani kuna viumbe. Kaka yangu ndiye aliyeshika kipanya. Mimi mdogo wake nilikaa nyuma yake nimeng'ang'ania shati lake. Risasi hazikututisha sana. Kilichotutisha ni kusikia kitu kinapumua nyuma ya ukuta, huku tochi inafifia na hujui ugeukie wapi. Siku moja mama alifungua mlango wa uani tukapiga yowe wote wawili, naye akadhani tumeona nyoka.

Miaka imepita, mwaka huu nikalipata tena mtandaoni nikaliweka kwenye laptop yangu. Nikakuta na modi zake, yaani mafaili yanayotengenezwa na mashabiki. Ukiyapachika kwenye gemu la zamani, picha zinang'aa, tochi haiishi. Nikampigia kaka, ambaye siku hizi anaishi Newala na ana mikorosho yake upande wa Mnyambe.

"Usiweke kitu," akasema. "Ukiwasha taa mle ndani, tutaogopa nini? Njoo nalo hivyo hivyo."

Alinipokea stendi na pikipiki.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Panda twende."

Njiani mbuzi alitokea upande wa kulia. Kaka hakupunguza mwendo mpaka nilipopiga kelele, ndipo akafunga breki nikamgonga mgongoni. Akamtukana yule mbuzi, na mimi nikamtukana yeye.

Baada ya chakula cha mchana, wifi yangu alitoka kwenda kuanua makopa ya muhogo uani. Tukashusha pazia, tukaanza. Ile pumzi ilipoanza kusikika nilijikuta nimekunja miguu juu ya kiti, mtu mzima mimi, vinyweleo vimenisimama. Nilifurahi kuogopa vile. Lakini askari wa kaka alikuwa anajigongagonga kwenye kuta.

"Mbona giza hivi? Halikuwa na giza hivi."

"Ndivyo lilivyokuwa, kaka."

"Hapana. Hebu weka hiyo modi yako."

Nilishangaa, ila nikaiweka. Handaki likang'aa, hata misumari ya reli ikaonekana. Tukaendelea. Kiumbe kikatokea kulia, kikaja taratibu, mwili mzima uko kwenye mwanga.

"Kulia, kaka!"

"Wapi?"

"Hapo! Kulia!"

Kikamrarua askari. Kaka akacheka, akaanza upya, na kiumbe kikaja palepale. "Wapi?" akauliza tena. Sikutazama kioo tena, nilimtazama yeye. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto karibu na sikio lake la kulia, nikauleta mbele polepole.

"Unauona mkono wangu?"

"Mkono gani?"

Ulikuwa umefika karibu na shavu lake. Nikaendelea kuusogeza mpaka ukawa karibu mbele ya pua, ndipo akashtuka na kurudisha kichwa nyuma. Hakuna aliyecheka. Gemu liliendelea kupumua peke yake kwenye laptop, na mimi nikamkumbuka yule mbuzi, nikaikumbuka na barabara ya kuteremka kwenda Masasi anayoipita na wanawe wamepakiwa nyuma.

"Ni salfa tu," akasema. Salfa ni ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, na kweli inawasha macho. "Msimu ukiisha huwa natulia."

"Salfa inawasha, kaka. Haifichi mkono."

Akasema kwa sauti ya chini, wifi asisikie: "Naogopa." Sikuwahi kumsikia akikiri hivyo, hata utotoni.

Usiku nilimweleza wifi yote. Kesho yake asubuhi alificha funguo za pikipiki, nasi tukapanda gari kwenda hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, imemla kimyakimya kutoka pembeni. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ni ndugu yake wa tumbo moja? Na wewe upimwe."

Sijui kama nimewahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye kile kiti cha kupimia macho, kidevu kimeegemezwa kwenye chuma, nikibonyeza kitufe kila nilipoona kinukta cha mwanga, na kila kilipokawia nikidhani kimewaka na mimi sikukiona. Macho yangu yalikutwa salama, ila nirudi kila mwaka.

Pikipiki anaiendesha shemeji yake sasa. Matone anaweka, wifi anamsimamia. Juzi nilipokwenda kumwona aliniuliza kama laptop ninayo.

"Itoe ile modi," akasema. "Tucheze lilivyo."

"Hutaona kitu."

"Nitaona cha mbele. Na masikio ninayo."

Nikamwambia sitaki, mimi ndiye siwezi tena kukaa mle gizani. Tulibishana mpaka wifi akatuletea chai. Tulipoanza kucheza, modi ilikuwa bado imo, kaka amenuna, na mimi nimekaa upande wake wa kulia.