Leo nimetetewa na mtu wa chumba cha maadui

Jamani, leo nilikuwa nimeshafunga begi.

Mnawajua majirani zangu wa chumba cha pili hapa kwenye jengo la wafanyakazi, Qusais? Wale ninaowalalamikia kila wiki. Muziki juu mchana kutwa wakati mimi nimetoka shifti ya usiku, takataka mlangoni kwangu, na juzi wakaimwagia jiki yunifomu yangu niliyoianika.

Nikaenda kushtaki. Kumbe walishanitangulia kwa msimamizi wa jengo, wakamwambia mkorofi ni mimi. Wao watatu, mimi peke yangu.

Asubuhi hii msimamizi akaja. "Khalas, yameisha, wewe unahamia jengo la Al Quoz leo."

Nikafunga begi langu, yeye amesimama mlangoni.

Mara akatoka Prossy, Mganda anayelala chumba kimoja na wao. Miezi sita hatujawahi kusalimiana. Nilidhani naye ni walewale.

"Sir, huyu dada hana kosa. Jiki walimwaga wao. Niliwaona."

"Lakini wewe unaishi nao!"

"Ndiyo, sir. Ndiyo maana niliona."

Msimamizi akawageukia wale watatu, akawaambia wafunge mabegi wao, wallahi.

Wanaohama ni wale watatu. Mimi nimebaki na kitanda changu, alhamdulillah.

Baadaye nikamuuliza Prossy kwa nini amejiingiza kwenye balaa langu. Akasema, "Nilichoka kukusikia ukilia bafuni."

Miezi yote hiyo nilijua hakuna anayenisikia.

Waganda mlio humu, niambieni nimpikie nini huyu dada. Nataka ale mpaka ashindwe kusimama.