Ndoo Iliyovaa Koti la Babu

Pombe ya mtama haipendi baridi. Nawaambia mapema msije mkasema bibi huyu anazunguka. Baridi ikiiingia inanyamaza, inakaa pale kama uji wa jana. Uibembeleze, uitukane, haikujibu. Na mimi mwaka ule nilikuwa naihitaji iongee.

Sisi Warundi neno zito halisemwi mdomo ukiwa mkavu. Posa ina pombe yake, kupatana kuna pombe yake, na msiba una pombe yake. Mume wangu alikufa hapa Haltom City, Texas, wiki moja kabla ya Krismasi. Mwaka ukipita, ndugu wa marehemu anakuja, pombe inawekwa katikati, anasema maneno ya kuondoa matanga, watu wanakunywa, nguo za marehemu zinagawiwa, basi, marehemu ameachiwa aende zake. Kabla ya hapo bado mnamshika. Nyumba haichezi ngoma, haiozi binti, hata kucheka unacheka ukiwa umeziba mdomo. Na mimi mnaniona, mtu wa kucheka. Nilikuwa kama nimefungwa gunia kichwani.

Ndugu aliyebaki alikuwa mmoja tu, shemeji yangu wa Houston, mzee mwenye magoti mabovu. Na watu wetu huku wanafanya kazi weahausi, maghala ya mizigo, huyu usiku, huyu mchana, kuwakuta pamoja ni Krismasi peke yake. Ikipita Krismasi hiyo, ni kungoja nyingine. Mwaka mzima tena mume wangu yuko nje kwenye baridi.

Ndiyo, baridi. Hapo ndipo roho yangu ilikuwa inauma.

Mume wangu alikuwa adui wa baridi. Kule kambi ya wakimbizi Kigoma alikuwa anatembea na shati moja, kifua wazi, anajiona kijana. Tulipofika Texas watu wote walituambia, mna bahati, Texas ni joto. Sawa, joto lipo, kiangazi kinakupika kama muhogo. Lakini Januari ya kwanza upepo ukatoka huko kaskazini, ukapita kwenye nguo kama hujavaa kitu. Watu wa kanisa wakatuletea makoti. Yeye akapata jeusi, refu, zito, lina manyoya kwenye kofia. Hakulivua. Alikula nalo, alisali nalo, alilala nalo. Nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu, mimi siku hizi nimeolewa na koti, mume yuko ndani sijui wapi.

Siku theluji ilipoanguka mara ya kwanza tukatoka nje wote. Yeye akanyoosha mkono, akaipokea, akailamba.

"Haina chumvi," akasema. "Haina sukari. Sasa Mungu anaimwaga ya nini?"

Akarudi ndani, akafunga mlango.

Alipokufa nikasema, mvalisheni koti lake. Mwanangu akasema, "Mama, huku watu wanazikwa na suti." Wakanunua suti. Nzuri, siikatai, lakini kitambaa chembamba kama karatasi! Makaburini udongo ulikuwa mgumu, wanaume wetu wakataka kufukia kwa mikono, kwa majembe, kama tunavyozika. Wale wafanyakazi wenye glavu wakasema hapana, kuna mashine. Mashine ikanguruma, ikasukuma udongo, ikamaliza kabla hatujamaliza wimbo. Nikarudi nyumbani, nikalikuta koti limening'inia nyuma ya mlango. Kila upepo ukigonga dirisha nilikuwa nalitazama. Nasema, wewe uko hapa, na mwenye wewe yuko kule na kisuti.

Sasa mwaka ukafika. Mtama niliupata kwenye duka la Wahindi. Kimea nilikifanya mwenyewe. Niliuloweka mtama, nikaufunika kwenye sinia chini ya kitanda mpaka ukaota vijimeno vyeupe, nikaukausha, nikausaga kwa ile mashine ndogo ya mke wa mwanangu ya kusagia matunda. Ilitoa moshi. Mungu ambariki, aliifuta tu. Nikapika uji, nikaupoza, nikatia kimea, nikamimina kwenye ndoo kubwa ya bluu yenye kifuniko. Nyumbani ni siku mbili, tatu, imeiva. Hapa nikajipa siku tano, kwa heshima ya baridi.

Pombe ikiiva inaongea. Hamjui? Unaweka sikio, unasikia inachemka polepole, pu, pu, tss, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Mume wangu ndiye alikuwa msikilizaji. Alikuwa anapiga magoti, anaweka sikio kwenye mtungi, ananyoosha kidole tunyamaze wote, halafu anasema, "Inaongea," au anasema, "Bado." Hakukosea.

Basi wiki ile ile hita ya apatimenti ikafa. Si ya kwetu peke yetu, upande mzima. Mwanangu akapiga simu ofisini, inajibu mashine, inasema wako sikukuu. Akapiga tena, mashine ile ile. Tukavaa soksi juu ya soksi. Mjukuu wangu, binti wa miaka sita, akawa anapuliza hewa anacheka: "Bibi, look, ninavuta sigara!"

Mimi nikaenda kwenye ndoo. Nikapiga magoti, nikaweka sikio. Kimya. Kesho yake, kimya. Kama umeweka sikio ukutani.

Nikaizungushia blanketi. Kimya. Nikaiweka mbele ya oveni, nikafungua mlango wa oveni, nikakaa nayo pale kama mtu anayemwotesha mtoto mchanga moto. Mwanangu akatoka kazini asubuhi, macho mekundu, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama. Unapika nini?"

"Sipiki, naipasha."

"Mama, tutaungua humu ndani. Funga hiyo."

"Na baba yako je?"

Akaniangalia. Akakaa kwenye kiti na viatu vyake vya kazi. "Mama, tununue bia. Katoni mbili, tatu. Padre keshasoma misa. Mjomba aseme maneno juu ya bia, Mungu atasikia tu."

Mjomba ni yeye anavyosema, wamezoea huku, kila mzee ni anko, lakini yule ni baba yake mdogo. Nikamwambia, "Mungu atasikia, sina shida na Mungu. Baba yako ndiye hatasikia. Bia ya chupa aliiita maji ya kunawa." Akacheka kidogo, halafu akaweka uso mikononi. Nikafunga oveni.

Ndipo nikalitazama koti. Nikalitoa nyuma ya mlango, lina harufu yake bado, tumbaku na ile dawa ya kifua. Nikaivalisha ndoo. Nikafunga vifungo vyote mpaka juu, nikafunika na kofia ya manyoya, nikaiweka kwenye kiti chake cha pembeni ya kochi. Nikasimama nyuma kidogo kutazama. Enhe! Ni mzee amekaa, ameinamisha kichwa, amenuna.

Mke wa mwanangu akaingia, akapiga kelele, "Yesu Maria!" akaangusha funguo.

Mjukuu yeye hakuogopa. Alisogea, akashika mkono wa koti usio na mtu. "Good morning, Babu," akamwambia. Halafu akanigeukia, "Anasikia baridi?"

"Sasa hivi hasikii," nikasema. Ikabidi niende bafuni kunawa uso.

Basi nyumba nzima ikawa inapita pale inaisalimia ndoo. Mwanangu anasema, "Mzee, vipi?" Mke wake anasema, "Baba, sogeza miguu nipige deki." Tulicheka, nawaambia kweli, na tulikuwa tunatetemeka. Lakini kila nikiweka sikio, juu ya kitambaa, chini ya kitambaa, kimya. Hata pu moja.

Shemeji alipiga simu toka Houston. Kule Gulfton, mtaa wake, nako theluji ilikuwa imewaangukia mwanzoni mwa mwezi ule, na alikuwa bado hajamaliza kuisimulia.

"Shemeji, niliiona kabla yenu safari hii! Watoto wa apatimenti zote walitoka na pajama, Waspanishi, Waafghani, sisi, wote! Mchana ikawa imekwisha, matope tu. Pombe vipi?"

"Imekataa kuongea, shemeji."

"Bado kuna siku," akasema. Sauti yake haikuamini.

Siku ya Krismasi watu wakaja kutoka misani, Warundi wenzetu, na jirani zetu Wakongomani, na makoti yao hawayavui. Sombe ya majani ya muhogo ilikuwepo, wali, maharage, mbuzi. Lakini hawakugusa chakula, walikuwa wanangoja. Shemeji alikuwa njiani na binti yake anayem-drive, na njia ilikuwa mbaya, madaraja yameshika barafu, magari yanatambaa. Watu wakakaa wanatazamana. Nilijua wanawaza nini. Wengine wanaingia kazini jioni. Mmoja akatazama simu, mwingine akatazama simu. Nikaweka sikio kwenye ndoo mbele ya watu wote, sikujali. Kimya. Mjane amepiga magoti mbele ya koti, na koti halimjibu.

Shemeji akaingia jua linataka kuzama, ameshikwa mkono, na kikoti cha mvua tu, cha Houston hicho. Midomo imekuwa ya majivu. Akaiona ndoo kwenye kiti. Akasimama. Koti la kaka yake alilijua.

"Ah," akasema. "Kumbe umenisubiri."

Hakuna aliyecheka.

Akaomba nafasi. Akashuka kwa yale magoti yake, polepole, binti yake anataka kumsaidia, yeye anamsukuma mkono. Akafungua vifungo viwili, akaingiza kichwa ndani ya koti, akaweka sikio. Akanyoosha kidole, tunyamaze. Kama kaka yake vile vile. Hata watoto walinyamaza. Akakaa humo ndani, nikaona mabega yanatingishika, sijui baridi, sijui nini.

Akatoa kichwa. Macho yamelowa.

"Inaongea," akasema.

Mimi nilikuwa nimetoka kuisikiliza sasa hivi. Haikuwa inaongea. Tukatazamana mimi na yeye. Mdomo ulitaka kusema, shemeji, bado. Nikatazama wale watu wa jioni na simu zao, nikamtazama mwanangu. Nikasema, "Leteni mirija."

Basi tukaivua ndoo koti. Mirija ilikuwa ile ya soda, ya rangi rangi. Shemeji akasema maneno. Alisema kaka yangu alilima, alikimbia, alilima ugenini, akakimbia tena, akafika mahali pasipo na jembe. Alisema tumemlilia imetosha. Alisema nenda, hatukushiki, na wewe usitushike. Watu wakaitika. Akavuta yeye kwanza, nikavuta mimi. Ilikuwa tamu. Tamu ya uji wa watoto, haina ukali hata kidogo. Watu wakavuta mmoja mmoja, wakameza, wakasema, "Imeiva, mama. Imeiva kabisa." Wote! Mzee mmoja akajifanya hata amelewa, akapepesuka kidogo. Mjukuu wangu akaonja, akasema kwa sauti, "It's porridge!" mama yake akamziba mdomo.

Mwanangu akalichukua koti, akamvisha baba yake mdogo mbele ya watu. Ndiyo desturi, nguo za marehemu. Likamfika miguuni. Akafunga vifungo vyote, akavuta kofia, na kwa dakika ile alikuwa yeye, nawaapia, ndiye yeye kabisa. Halafu akageuka, akawa shemeji tu. Akalala kochini nalo, asubuhi akaondoka nalo Houston. Nilisimama dirishani mpaka gari likakata kona.

Siku mbili baadaye fundi wa hita akaja. Kijana mpole, akagongagonga, akaondoka, nyumba ikaanza kupata joto. Mwanangu amelala, mke wake yuko kazini hospitalini, mjukuu anatazama katuni. Nikawa nasafisha jiko, ndoo iko pembeni ya mashine ya kufulia, ina mabaki, zaidi ya nusu. Nikasikia kitu. Nikadhani bomba.

Pu. Pu, pu. Tss.

Nikakaa chini kwenye sakafu na kitambaa cha kufutia mkononi. Ilikuwa inaongea kwa nguvu, povu limeinua kifuniko. Sasa! Watu wameshakunywa uji wao, maneno yameshasemwa, kila mtu yuko kazini kwake.

Nikampigia shemeji. Sikumwambia kitu, nikaweka simu juu ya ndoo. Akasikiliza muda mrefu.

"Si nilikwambia," akasema.

"Shemeji, siku ile ulisikia kitu kweli?"

Akakohoa. "Shemeji, mle ndani ya koti kulikuwa na joto," akasema. "Nilikaa tu." Halafu akasema Houston jua limerudi, anatembea na shati, koti amelitundika kwenye msumari, hajui atalivaa lini tena. "Kunywa kabla haijawa siki," akasema.

Nikachukua mrija wa njano. Nilikunywa pale pale sakafuni, kidogo kidogo, na ilikuwa kali, imeiva sawasawa, angeipenda. Nyuma ya mlango palikuwa na ndoana tupu. Nje upepo ulikuwa umeanza tena.