Bwawa la Mume Wangu na Mama Mkwe Wake

Mume wangu alilipenda bwawa lake la samaki kunishinda mimi, na simsingizii. Miaka ile ya tisini, nyuma ya nyumba yetu Shinyalu, kila jioni aliingiza mkono ndani ya maji. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, basi kijani kimezidi na mbolea ipumzike. Ndivyo afisa wa uvuvi alivyomfundisha: mbolea huotesha kijani ambacho samaki hula, ila kikizidi huwamalizia hewa. Kanuni aliijua vizuri, ila karai la mavi ya ng'ombe halikumtoka mkononi.

Mwaka mmoja kiganja kikaanza kupotea mara tu kilipozama. Akaacha mbolea kiangazi chote. Wapi! Maji yakazidi kuwa kijani, na yakaanza kunuka. Afisa akatueleza kwamba mbolea ya miaka yote ilikuwa imelala chini kwenye matope, na sasa matope yenyewe yalikuwa yanailisha maji kidogo kidogo. Dawa ni kukausha bwawa, kuchota matope na kuyapeleka shambani.

"Mkwe akishaondoka," mume wangu akasema.

Mkwe ni mama yangu, aliyekuwa ametutembelea. Mama hakumwamini mtu aliyechimba shimo mahali pa mahindi. Mume wangu naye alikuwa ameapa kumfungia ngege, samaki wanono wa bwawa lake, wa kwenda nao nyumbani, ili amkubali. Nilimhurumia jamani. Mwanaume mzima anatafuta sifa kwa mtu ambaye kwa desturi yetu hawezi hata kumpa mkono.

Asubuhi ya mama kuondoka, nikasikia mayowe ya mume wangu bwawani. Samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Ilibidi mtu aingie avute kizibo cha bomba, maji mabovu ya chini yatoke na ya mtoni yaingie. Mume wangu alishavua shati, anafungua mshipi, mama huyo akatokea jikoni. Loo! Mkwe akuone hivyo, utaiweka wapi sura? Akakimbilia migombani. Samaki wanakufa, yeye anachungulia.

"Nitaingia mimi," nikasema.

"Hujui kizibo kilipo! Utavuruga matope uwamalize!" akanijibu kutoka migombani, karibu alie.

Mama alisikia. Akavuta kigoda, akaketi akiligeuzia bwawa mgongo, akajifunika leso kichwani. "Mwambie aingie," akaniambia. "Mimi naangalia mahindi."

Akaingia polepole, maji yakamfika kifuani, kisha akazama kutafuta kizibo. Tukangoja. Mama hakugeuka, lakini niliona vidole vyake vikisokota ncha ya leso.

"Mbona kimya?" akauliza. "Mwambie atoke huko. Hao samaki wafe tu, yeye nimeshamzoea."

Mume wangu alikuwa ameibuka, kizibo mkononi, na alisikia kila neno. Alisimama palepale akicheka peke yake, ngege kadhaa wakimfia kando, wala hakuwatazama.