Blanketi Lisilo na Uzi

Mdoe wa Kwamndolwa alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakujua kusema "siwezi". Shamba la mkonge lilipopunguza wakataji, wenzake walishika tama. Yeye alirudi nyumbani na kisu chake cha kazi mkononi, akawatangazia majirani kwamba shamba ndilo lililopata hasara. Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na tatu, barua ya bintiye ilipofika kutoka Vugiri, aliisoma mara mbili, akajisemea peke yake chumbani, "Hilo dogo."

Halikuwa dogo hata kidogo. Mwanaisha, mwanawe wa pekee, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Jumapili ndiyo ingekuwa arobaini. Kwa wakwe zake huko mlimani, siku mtoto wa kwanza anapotolewa nje huulizwa mbele ya watu wote: bibi mzaa mama yuko wapi? Bibi huitika, hutoa kitu cha kumfunika mtoto alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na yeye ndiye humpakata wa kwanza. Asipopatikana wa kuitika, shangazi wa upande wa baba humchukua mtoto na shughuli ikaendelea. Sasa bibi mzaa mama alikuwa Tatu, mke wa Mdoe, na Tatu alikuwa makaburini tangu masika ya mwaka uliopita.

"Baba," Mwanaisha aliandika, "mama mkwe ameshamwambia shangazi ajiandae. Si mtu mbaya. Ila sitaki mama aulizwe halafu watu wanyamaze."

Maneno hayo yalimkaa Mdoe rohoni. Aliapa kwamba watu hawatanyamaza. Angeitika yeye. Kilichobaki ni kitu cha kumfunikia mtoto, na hapo ndipo ungemhurumia, maana sindano ilikuwa ya Tatu. Mdoe alikuwa mtu wa kufunga kifungo cha shati kwa waya, na akatembea nacho kifua mbele.

Zilikuwa zama za ruksa, nguo za mitumba zimejaa kila pembe ya mji. Asubuhi ya Jumatano Mdoe alikwenda sokoni Manundu kwa Raheli, jirani yake, ambaye alikuwa amefungua robota jipya na kulimwaga juu ya turubai. Pembeni alikuwa ametundika blanketi dogo la mtoto lenye matamvua pande zote. Mdoe alilishika, akaligeuza juu chini, akalitazama kwa karibu kama mtu anayekagua hirizi.

"Raheli, uzi wa hili uko wapi?"

"Halina uzi, baba Mwanaisha. Ni vitambaa viwili vimelazwa pamoja, vikachanwa kandokando, halafu kila ukanda wa juu ukafungwa na mwenzake wa chini. Mafundo matupu."

"Mafundo?"

"Mafundo."

Mdoe alicheka mpaka wauza dagaa wakageuka. Miaka thelathini alikuwa amefanya nini huko mkongeni kama si kukata na kufunga? Kata majani thelathini, yafunge tita moja kwa ukanda wa jani, tupa, anza jingine. Akamwambia Raheli amtafutie vitambaa viwili vya aina ile, vizito, vyenye manyoya mafupi, visivyofumuka hata ukivikata. Raheli alizama ndani ya rundo, akaibuka na kimoja cha kijani na kingine cha njano chenye picha za bata.

Nyumbani alitandika mkeka, akalaza cha njano kifudifudi na cha kijani juu yake, akavisawazisha kingo. Kila pembe aliikata kipande cha mraba, kama alivyoona kwenye blanketi la sokoni. Kisha akachukua ubao na kisu chake, akachana kanda pande zote nne, upana wa vidole viwili, urefu wa kidole cha kati. Kisu kilikuwa kikali. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza kuchana, akaanza kufunga, na alifunga kwa raha, akipiga mluzi, kila fundo akilikaza mpaka likawa gumu kama punje ya mahindi makavu.

Jioni alilikung'uta blanketi lake. Lilikataa kunyooka. Kingo zilikuwa zimevutana na kujikunja ndani, katikati pamebonyea, ukiliweka chini linasimama lenyewe.

Raheli, akirudi kutoka sokoni, alichungulia uani. "Shikamoo baba Mwanaisha. Hilo blanketi au kapu?"

"Marahaba. Bado halijazoea."

"Litazoea wapi? Umelifunga kama mbuzi wa kupeleka mnadani! Mtoto atalala humo au ataatamia?"

Mdoe alijitia hamnazo mpaka alipohakikisha Raheli ameingia kwake. Kisha akaketi, na tuseme ukweli, kwa mara ya kwanza aliogopa. Mkono wake ulikuwa umefundishwa jambo moja tu. Tita likilegea, msimamizi alilipiga teke, na kazi ya siku nzima ikawa haikufanyika. Alikaza miaka yote hiyo mpaka kukaza kukawa ndiyo tabia ya vidole, na sasa aliona Jumapili inakuja, swali linaulizwa, naye amesimama na kapu la manyoya.

Alhamisi ilikwisha kwa kufungua. Mafundo yalikuwa magumu kiasi kwamba aliyachokonoa kwa mwiba wa mkonge, moja moja, huku akijitukana. Upande mmoja kanda zilikatika, ikabidi aukate wote na kuuchana upya, na blanketi likapungua shubiri nzima. Alijifariji kwamba mtoto mwenyewe bado mdogo.

Ijumaa alianza tena. Safari hii kila alipofunga aliweka kidole chake kidogo chini ya fundo, akavuta mpaka kidole kibanwe, basi, akakichomoa. Fundo la pili juu yake, vivyo hivyo. Vidole vilitaka kuendelea kuvuta, akavikatalia. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na nane anayejifunza kutokaza, na ilimchosha kuliko mkonge wenyewe. Lakini Jumamosi mchana alilitandika mkekani, likalala bapa, na Raheli alipopita alilipapasa, akaligeuza, akalipapasa tena. Mdoe alilala siku hiyo kama mfalme.

Kule Vugiri Jumapili ukungu ulikuwa haujainuka. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani kuzunguka mlango, wanaume wamesimama nyuma na makoti yao. Mama Mustapha, mkwe wa Mwanaisha, alitoka na mtoto mikononi, Mwanaisha akimfuata. Kwenye mkeka shangazi alikwishanyoosha miguu na kutengeneza mapaja.

"Bibi mzaa mama yuko wapi?" Mama Mustapha akauliza.

"Nipo," Mdoe akaitika kutoka nyuma, kwa sauti ya kuitikia jina mkongeni.

Mwanamke mmoja aliangua kicheko. Mdoe hakumwangalia; alipenya katikati ya watu, akamkabidhi Mama Mustapha blanketi. Yule mama alimwachia Mwanaisha mtoto, akalikunjua, akatafuta uzi asiuone. Akashika fundo moja, akalivuta kwa nguvu zake zote, likabaki lilivyo. Akashika jingine.

"Kafunga nani?"

"Mimi. Mikono yangu hii."

"Yote?"

"Yote. Tena nimeyafunga mara mbili."

Mama Mustapha aliitazama mikono ile. Kisha akamfunika mtoto, upande wa bata ukiwa ndani, akamgeukia shangazi. "Mwenzangu, sogea. Mpishe bibi akae."

Shangazi akasogea. Mdoe alivua viatu, akakaa kati ya wanawake na kunyoosha miguu kama alivyoona wao wamenyoosha. Maneno ya kujisifu aliyokuwa ameyaandaa tangu Kwamndolwa yote yalimkimbia. Mwanaisha mwenyewe ndiye aliyempa mtoto, na Mdoe alimpokea mjukuu wa Tatu akalia mbele ya mlima mzima, wala hakuona haya.